Mlango

Mita nane kwa mbili na nusu.
Ndiyo nyumba, ndiyo ofisi, ndiyo uwanja wa kununiana.
Alfajiri tunakikunja kitanda kinakuwa meza,
na Lonnie anakaa upande wa jiko,
juu shati la kola, chini kaptura ya kulalia.

Anawauliza watu wa Kansas habari za mapaa yao.
Mvua ya mawe ilianza saa ngapi, mama?
Vigae vingapi vimepasuka?
Sauti yake ya kazini imevaa tai.
Na paa letu wenyewe, juu ya utosi wake,
linadondosha tone moja kila dakika
ndani ya sufuria ya tambi.
Mganga hajigangi, namwambia.
Namwambia kwa vidole.

Maana kazi yangu mimi ni kusikiliza.
Madaktari wa Michigan wananinong'oneza masikioni
maini, mapafu, uvimbe wa ukubwa wa zabibu,
nami nachapa neno kwa neno, kikohozi nakimeza.
Nikiteleza, figo ya kushoto inageuka ya kulia.

Kwa hiyo tulizua lugha.
Vidole viwili mezani: niko hewani, usipige chafya.
Kiganja kifuani: chai?
Ngumi juu ya ngumi: tangi la choo limejaa, na zamu ni yako,
usijifanye huoni.

Nyumba ya Dayton tuliiuza mwezi Machi,
na ngazi zake, na mtufaa alioupanda mama yake Lonnie.
Piano ilikwenda kwa dada yangu Verna,
asiyejua noti hata moja;
anaitandazia soksi zikauke.

Watu wanatuambia, mna raha nyie, dunia yote ni yenu!
Sawa.
Ila penye uzuri hapana mtandao,
na penye mtandao hapana uzuri.
Kule Wyoming tulipata bonde
lenye mto na paa wanaokunywa maji bila kutujali,
tukakaa nusu saa, antena juu kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu hamwoni.
Tukaondoka. Tukalala nyuma ya duka la matairi,
chini ya taa isiyozimwa, mtandao ukipaa.
Barua zetu zinaishi Dakota Kusini,
mji tuliolala usiku mmoja tu
ili tuitwe wakazi.

Tuligombana Februari, jangwani, karibu na Lordsburg.
Yeye yuko na mteja, mimi niko na daktari wa moyo,
ugomvi wote mikononi.
Nilitaka kumwambia neno
nikakuta lugha yetu haina.
Nikageukia dirisha lililohurutwa na vumbi,
nikachora kwa kidole mstatili mrefu,
na pembeni, usawa wa kiuno, nukta.
Kitasa.

Aliendelea kuuliza habari za mvua ya mawe.
Ndiyo, bibi. Pole sana, bibi.
Lakini macho yake yaliganda pale kwenye kioo,
na kwa mara ya kwanza nilimsikia
akikosea jina la mteja.

Kesho yake alirudi kutoka mjini
na pazia la bafu, la plastiki, lenye bata wa njano,
lililobaki peke yake dukani, alisema,
na waya, na misumari minne.
Akalitundika kati ya jiko na kitanda.
Mwanga unapita. Harufu ya vitunguu inapita.
Namwona miguu, soksi moja ya kijivu, moja nyeusi.

Jioni, kompyuta zimefungwa, upepo unasukuma gari ubavuni,
nimelala upande wangu nikitazama bata.
Akaja akasimama.
Pazia haligongeki. Akakunja ngumi
akagonga hewa, mara tatu,
na kwa mdomo wake, kwa sauti isiyo na tai:
Hodi.

Sikujibu upesi.
Nilimwacha angoje kidogo,
nionje ladha niliyoisahau
ya kuwa na mtu nje.