Siku ya Nne, Kutoka Muhoroni

Taruma hadi taruma ni pungufu ya hatua;
mataruma mawili ni hatua na deni juu.
Aliyeilaza reli hii hakuwaza miguu.
Basi tunachechemea, mimi na Sikuku,
tangu Londiani, ambako asubuhi ya kwanza
tulivaa sweta na kuzishukuru.

Sweta! Leo yangu iko chini kabisa ya shanta,
imelala kama mbuzi aliyeshiba,
inabebwa.

Februari. Saa sita na nusu.
Kivuli changu kimeingia chini ya viatu
kikakataa kutoka.
Miwa pande zote mbili,
mirefu ya kutosha kuuzuia upepo,
si mirefu ya kutosha kutufunika.
Harufu ya molasi ya kiwandani inatufuata,
nzito, tamu, ya kuchefua,
na mbele, pale vyuma viwili vinapokutana,
kuna maji yanayong'aa
niliyoyafukuza tangu saa nne.
Kuliani ukuta wa Nandi umesimama, wa buluu,
umejiwekea baridi yote.

Sikuku na mimi hatusemezani tangu Koru.
Alinawa uso kwa maji ya kunywa.
Uso!
Yamebaki mafunda sita.
Nayahesabu upya kila nguzo.

Ndipo pikipiki ikaja kwenye kijia cha kando ya reli,
mwendo wa matanga,
na kijana juu yake, kofia ya sufu katika jua lile,
OTIENDE mgongoni kwa rangi ya mkono.
"Mnaenda?"
"Kisumu."
"Kufanya?"
Sikuku akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu asubuhi:
"Tunatembea tu."
"Mmeibiwa nauli?"
"Hapana."
"Ni mambo ya kanisa? Mmeapa?"
"Hapana."
"Basi mia mbili, wote wawili, hadi Kibigori."
Tukatikisa vichwa.
Akatufuata, injini ikikohoa ubavuni mwetu.
Mia.
Hamsini.
Kwenye karavati la tatu: "Bure. Bure kabisa.
Mnaniumiza macho."

Hapo, nakiri,
goti langu la kushoto lilikubali kabla yangu.
Kiti kile chekundu kilichochanika, sponji nje,
nilikiona kama kitanda cha hoteli.
Nikamtazama Sikuku. Alitazama kiatu chake,
soli aliyoifunga kwa kamba ya katani
ikifungua mdomo kila hatua kama kifaranga.
Angesema twende, ningekwenda.
Ningesema twende, angekwenda.
Kila mmoja alimngoja mwenziwe awe dhaifu kwanza,
na kwa sababu hiyo, si ushujaa,
tukaendelea.

Kilomita moja mbele injini ilikohoa mara ya mwisho.
Otiende akafungua tangi, akalitikisa,
akachungulia kwa jicho moja,
akashuka.
Hakusema kitu. Wala sisi.
Sikuku akatoa chupa, akampa.
Akanywa mafunda matatu (nilihesabu, tabia haifi),
kisha akamimina kidogo kiganjani
akanawa uso.

Nilicheka hadi shanta ikanibwaga kwenye kokoto.
Sikuku naye, ameshika kiuno, machozi
yanakauka kabla ya kufika shavuni.
Otiende akitutazama kwa huruma
kama watu ambao jua limeshamaliza kazi nao.

Tukaenda watatu, pikipiki katikati kama mgonjwa,
mimi nasukuma nyuma, viganja kwenye kiti kile kile
nilichokitamani, kinachoma kama kikaango.
Miwa ikaisha. Udongo mweusi wa Kano ukafunguka,
umepasuka nyufa za kumeza mguu,
na ng'ombe wamesimama ndani ya mfereji hadi magotini,
wenye akili kutuzidi.

Otiende akasimama. Akavua kofia, akaikamua.
Akatazama tulikotoka, akatazama tunakokwenda.
"Kwa hiyo," akauliza, kwa nia safi ya kutaka kujua,
"hii ndiyo starehe?"

Kibigori ilikuwa bati moja
likimeremeta mbali, dogo kama sarafu.
Jibu hatukuwa nalo.
Tulikuwa na mafunda mawili.