Herufi I

Kila Ijumaa, ukutani jikoni mwa ofisi,
nafuta namba na kuandika ndogo zaidi:
mistari elfu arobaini na moja ya Fortran,
elfu thelathini na tatu,
elfu kumi na tisa.
Wenzangu hupiga makofi. Solveig huleta keki ya mdalasini.
Hivi ndivyo lugha inavyozikwa hapa Bergen,
watu wakilamba vidole.

Oddlaug Tveit hapigi makofi.
Amebakiza kipupwe kimoja astaafu.
Koti lake la mvua hukaa nyuma ya kiti
kama mtu wa pili kazini.
"Huyo Julia wako," huniuliza,
kana kwamba nimeleta mchumba nyumbani,
"mvua anaijua?"

Anaijua, nikasema. Ana mbio, ana adabu,
ukikosea hukwambia mapema,
na vijana wa chuo humwota.
Hiyo yako nani atairithi?
Akainua mabega. Akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Ikabaki mistari mia mbili na kumi na miwili,
pale tone la wingu linapoamua kuanguka.
Nikaihamisha kwa siku nne, neno kwa neno.
Jumanne tukatangaza mchana mkavu.
Saa saba ikashuka mvua ya kukomoa;
watoto wa chekechea wakarudi wamelowa hadi soksi,
na mama akanipigia simu, hana neno,
anacheka tu.

Wiki tatu.
Hesabu mbili bega kwa bega, tarakimu kwa tarakimu,
mpaka nikaona zinapoachana:
hatua moja tu baada ya nukta.

Oddlaug akaja na kidole, miwani kaiacha mezani.
"Jina linaanza na I.
Kwetu, I mpaka N ni namba kamili.
Haikuhitaji kutangazwa, ilijulikana.
Kinachozidi hukatwa, na hakuna anayepiga kelele."

Nani aliandika?
"Håvard. Alisahau, mwaka wa themanini na mbili.
Tulipogundua, tayari vipimo vyote
vilikuwa vimepimwa juu ya kosa lake.
Ukilinyoosha, kila kitu kinapinda."

Nikaketi.
Kwa lugha mpya, safi, isiyosahau kitu,
nikaandika amri ya kukata desimali.
Pembeni nikaeleza: ni makusudi, usiguse.
Nikatia jina langu chini ya kosa la marehemu
nisiyewahi kumwona.

Ijumaa ile nikaandika sifuri ukutani.
Makofi. Keki. Oddlaug akachukua kipande cha pembeni.
"Mmeshinda," akasema, mdomo umejaa,
na sikujua kama ananipongeza
au anaihesabu tena.

Saa kumi na dakika kumi, kama tulivyotabiri,
kioo cha dirisha kikaanza kugongwa:
tone, kisha tone,
kila moja namba kamili.