Vidole Vinne

Kesho baada ya alfajiri naondoka Bombo.
Leo nahesabu.

Tairi la akiba lina upepo, nimelipiga teke mara mbili
kama alivyokuwa akifanya yeye.
Sijui teke huwa linamwambia mtu nini.
Jeki ipo. Spana ipo, imeviringwa katika kipande cha kanzu yake kuukuu.
Maji ya rejeta, dumu moja. Mafuta ya breki.
Leseni yangu, mpya, yenye picha ya mwanamke wa miaka hamsini na sita
aliyekodoa macho kana kwamba kamera ilimpigia honi.

Gari ni Korona ya mwaka tisini na mbili,
lilibeba jina hilo kabla ugonjwa haujaja kuliiba.
Fundi Kiwalabye amelala chini yake siku mbili.
Alipotoka, uso wote grisi, akauliza,
"Hajati, nani anaendesha?"
Nikamwambia.
Akarudi chini
akakaza tena nati alizokwisha kuzikaza.

Mwanangu Swaburi kapiga simu kutoka Ntinda:
subiri Jumamosi, nikutafutie dereva.
Wifi yangu, huko Koboko: panda basi la usiku,
utalala, utaamka umefika.
Lakini miaka thelathini nimelala nikaamka nimefika.
Kiti cha kushoto, chupa ya chai mapajani,
kazi yangu kumenya machungwa
na kusema "polepole, kuna matuta."
Njia nzima naijua kwa upande mmoja:
Luweero, mananasi yamepangwa kama wanafunzi;
Nakasongola, magunia ya makaa;
Karuma, nyani wamekaa kama watoza ushuru;
Pakwach, samaki wakavu wakipungwa dirishani.
Upande wa kulia ulikuwa wake.
Sikuwahi kumuuliza kuna nini huko.

Penye nia pana njia, husema watu.
Njia ipo siku nyingi, lami mpaka Koboko.
Nia ndiyo iliyokuwa gereji.

Juzi usiku, majirani wamelala,
nilijifundisha kubadili tairi, tochi nimeing'ata.
Dakika hamsini.
Mara ya pili, thelathini na moja.
Mara ya tatu sikutazama saa,
nilikaa juu ya tairi nikala karanga.

Nimepakia kisra kumi zilizokunjwa, dawa ya presha,
na tabaga niliyoisuka miezi mitatu,
nyekundu, kijani, zambarau,
ya wifi, ambaye hajanisamehe
kwa kumzika ndugu yake huku.

Lililobaki nimelichelewesha mpaka jioni hii.
Kiti.

Fadimula alikuwa na miguu mirefu.
Tangu ashuke humu, miaka miwili, hakuna aliyekigusa.
Kiwalabye mwenyewe alilijaribu gari
akinyoosha vidole vya miguu
kama mtoto kwenye baiskeli ya babake.
Nikaingia. Klachi ilikuwa ng'ambo.
Nikainama, nikashika kile chuma cha chini, baridi,
nikavuta.
Kwa. Kwa.
Nikapumua.
Kwa. Kwa.
Vidole vinne.

Reli ikaachia kilichokuwa kimejificha:
ganda la chungwa, kavu kama ngozi ya ngoma,
limemenywa kwa mkato mmoja mrefu,
namna ninavyomenya mimi.

Nililitupa uani.
Nimeliokota. Liko kwenye kisahani cha sarafu.

Kisha kioo. Nimekigeuza kidogo
kikanipa mlango wa nyumba, kamba ya nguo,
kuku wa Mama Drabe wakigombea pa kulala.
Kumbe haya yote alikuwa akiyaona tukiondoka,
na hakuwahi kusema.

Tangi limejaa.
Chupa ya chai nitaiketisha kushoto,
nitaifunga mkanda.
Matuta nitajitajia mwenyewe, kwa sauti.
Huenda nisijisikilize.