Umeme wa Mbinguni, Umeme wa Ukutani

Eudomar alikuwa mwalimu wa jiografia.
Sasa anaua majoka.
Ana miaka hamsini na miwili, shati limegandia mgongoni,
feni ilikufa siku ya Pasaka,
na joto la Maracaibo halibishi hodi:
huingia, hukaa, hula chakula chako.

Kompyuta aliipata kwa kubadilishana na friji.
Mkewe, Yusmery, hakusema neno siku mbili.
Siku ya tatu alisema:
friji isiyo na nyama ni kabati tu.

Mchezo wenyewe ni wa zamani, picha zake za miraba miraba,
miti kama mafagio, anga la zambarau,
na nyika iitwayo Ormath ambako joka la kijani
hufa, huacha mifupa, hufufuka baada ya nusu dakika
kana kwamba limekumbuka kazi.
Mifupa huuzwa kwa dhahabu ya kule.
Dhahabu huuzwa kwa dola ya huku.
Dola huwa unga wa mahindi, huwa sabuni, huwa insulini
ya mama mkwe, ambaye humwita "mwindaji"
na hacheki.

Kwa mwezi ni mara nne ya mshahara wa ualimu.
Hesabu hiyo aliipiga mara moja,
akaichana karatasi.

Wenye mchezo hawawataki.
Wao hulipia raha, hawa huja kutafuta riziki
na kushusha bei ya mifupa.
Wamefundishana: msalimie kwa Kiingereza,
asipojibu, mchinje.
Basi Wilker, mpwa wa Yusmery, kamfundisha maneno saba,
yote ya kuombea uhai.
Siku moja mtu alimwandikia: rudini kwenu.
Eudomar, pekupeku, chumbani mwake, katika mji aliozaliwa,
aligeuka huku na huku
akitafuta pa kurudi.

Na yupo Kaarna. Joho jekundu, upinde mweupe,
hasalimii wala haulizi.
Amemuua mara kumi na tisa.
Mwalimu haachi kuhesabu.

Usiku ule, ng'ambo ya ziwa, mawingu yaliwaka
kama yanavyowaka karibu kila usiku, bila sauti:
umeme tele mbinguni,
umeme hakuna ukutani.
Kioo kikazima, mtaa mzima ukasema "Aaah!" kwa pumzi moja.
Na sheria ya Ormath ni kwamba ukikatika
mwili wako hubaki umesimama
kama ng'ombe katikati ya barabara,
na mfuko wake ulikuwa na mifupa ya siku tatu.

Dakika arubaini. Yusmery alishika mshumaa,
lakini hakuuwasha. Mishumaa nayo ina bei.

Taa ziliporudi alitazamia kaburi.
Alijikuta amesimama.
Majoka matano yamelala yakimzunguka, yana mishale shingoni,
na Kaarna yuko kando, joho linapepea upepo usiokuwapo.
"Ulikwenda wapi?"
Katika yale maneno saba, jibu halikuwamo.
Akaandika kwa Kihispania: umeme umekwenda.
Kimya kirefu; pengine alikuwa akitafsiri.
Kisha: "Hapa jua halijachomoza tangu Novemba."

Moyo wa Eudomar uliruka kama chaki mpya.
Akaandika: latitudo sitini na tisa.
"Sabini," akajibu Kaarna. "Na nukta moja."

Miaka minne hakuna aliyemsahihisha.
Alikaa akiitazama ile nukta,
akaona ramani ukutani, ile yenye kona iliyoliwa na mchwa,
na mtoto mmoja nyuma ya darasa ananyoosha mkono.

Kesho yake Kaarna alimuua.
Mara ya ishirini. Mshale mmoja, bila salamu.
Mifupa aliiacha chini, yote.

"Huyo ni rafiki?" aliuliza Yusmery, akikanda unga.
Eudomar alifikiri, akafuta jasho kwenye kibodi,
akaokota upanga wake.
"Ni sabini na nukta moja," alisema.
"Kaskazini."