Mkasi Mmoja, Mazulia Mawili

Kubat,
zulia lako nimelimaliza jana, baada ya alasiri,
theluji ikiwa bado imeng'ang'ania paa la zizi.
Nililianza mwaka ule uliposema umepata mchumba.
Nikasema, mwanangu haoi akalala sakafu tupu.

Sufu ni ya kondoo wetu wenyewe, unawajua,
yule wa sikio lililochanika, na mabinti zake.
Tuliitandaza juu ya mkeka wa matete, tukaimwagia maji ya moto,
tukaiviringisha, tukaikanyaga,
mimi na dada yako Meerim na Jyldyz wa ng'ambo ya mto.
Jyldyz akikanyaga hutukana.
Sufu, eti, isipotukanwa haishikani.

Nyeupe moja, nyekundu moja.
Unazilaza moja juu ya nyingine, unachora kwa kipande cha sabuni
pembe ya kondoo dume,
unazikata zote mbili kwa pamoja, bila kurudi nyuma.
Kisha pembe nyekundu inalala kwenye tundu la nyeupe,
nyeupe kwenye tundu la nyekundu.
Hakitupwi kitu.
Ndiyo maana mazulia yetu huzaliwa pacha.

Nilikuwa na mkasi mkononi simu ilipolia.
Mtu aliuliza kwa Kirusi: Wewe ndiye mama yake?
Nikaitika kwa furaha.
Nilidhani umepandishwa cheo.

Ghorofa ya tisa, alisema. Barafu kwenye mbao.
Jina la kampuni alilitaja mara mbili,
kama vile mimi ndiye ninayedaiwa.

Ulirudi kwa ndege, ndani ya sanduku la bati lililochomelewa.
Wanaume wakasema lisifunguliwe.
Nikakupima juu ya bati, toka kichwani,
kama nilivyokupima ukiwa na siku tatu:
shubiri mbili na vidole viwili.
Safari hii hesabu ilinipotea. Nikaanza upya.
Ikanipotea.

Aliyesema kazi ya Mungu haina makosa, nilimpa chai.
Aliyesema Meerim atakuzalia wajukuu, nilimpa chai.
Siku ya arobaini tulichinja farasi.
Baba yako alikula kidogo, akatoka, akasimama zizini hadi usiku wa manane
akijifanya anahesabu kondoo.
Wako kumi na wanane, Kubat.

Mkasi niliutia kwenye pipa la unga.
Miezi minane.
Ng'ombe alilia kwa uzito wa maziwa, nikamsikia,
nikajiambia, kuna ng'ombe wa mtu analia.

Begimai alikuja wakati wa kukata majani.
Alikuja kurudisha hereni,
zile nilizomvika kwa mkono wangu siku ya posa.
Akaziweka mezani, karibu na chumvi.
Hakuna aliyezigusa.
Akaona pembe nyekundu imelala peke yake kitini,
akaichukua, akaipachika kwenye nyeupe.
Kinyume.
"Geuza," nikamwambia.
Sauti yangu ilikwaruza kama mlango wa ghala.
Akageuza. Ikaingia.
Akaomba sindano.

Tumeshona tangu siku hiyo, yeye kila Ijumaa,
mimi kila siku niliyoweza, na zipo nisizoweza.
Hereni nilizifunga kwenye kitambaa, nikamtia mfukoni.
Na zulia jekundu ni lake.
Ataolewa siku moja, ni haki yake,
mwanamume nisiyemjua atalikanyaga kwa soksi zake,
mtoto atalimwagia uji.
Wala hawatajua pembe zile nyeupe zimetoka wapi.

Langu ni jeupe.
Usiku napapasa mshono kwa kidole,
naufuata pembe hadi pembe, mpaka mahali uzi ulipokatika
nikafunga fundo. Fundo ni baya. Nimeliacha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema.
Mimi bado najifunza.

Theluji ikiisha tutanyoa kondoo.
Jyldyz ametuma salamu:
ana matusi mapya.