Tiketi ya Kulala Nje

Mke wangu Somoe alicheka hadi kanga ikamvuka:
"Nyumba unayo, kitanda unacho,
halafu unalipa ukalale nje?"

Nililipa.
Langoni mwa msitu wa Rondo
Bwana Nannauka aligonga muhuri, akauliza: Wangapi?
Wawili. Mimi na binti yangu Zuhena,
na hema la mnadani, vigingi viwili pungufu.

Zamani niliingia humu bila risiti,
kwa njia ya nyuma, na msumeno.
Hakunijua. Au alijifanya.

Tulipanda, siafu miguuni, jasho machoni,
tukafungua kapu penye uwazi:
mihogo ya kuchemsha, dagaa,
korosho zilizoungua upande mmoja.
Zuhena akakalia kisiki cha mvule,
akahesabu miduara yake kwa kidole chenye mafuta,
akafika themanini na tatu, akapotea, akaanza upya.
"Nani aliukata, baba?"

Kula, nikamwambia.

Usiku komba walilia kama watoto wachanga.
Akanishika mkono.
Gizani ulimi ni mwepesi; nikasema.
Nikasema na malipo yake: baiskeli.

Kimya kirefu. Hema likapumua.
"Ile ya kijani?"
Ile.
"Niliyojifunzia?"
Hiyo hiyo.

Alfajiri blanketi lake lilikuwa tupu, limelowa umande.
Nikamkuta kisikini, anahesabu tena,
safari hii anaanzia nje, kwenye gome,
mwaka ule nilioukata.
Nikachuchumaa.
Moja, akasema,
akanisubiri.