Kushika Tochi

Kasisi alinipa jina moja kwenye kikaratasi:
Nyemo, miaka kumi na saba, fundi pikipiki.
"Mlee," akasema, akapanda baiskeli yake,
akaniacha mlangoni na upepo wa Kibaigwa,
ule unaobeba makapi ya mahindi kutoka sokoni
hadi katikati ya Zaburi.

Nikanunua daftari, nikapiga mistari kwa rula.
Somo la kwanza, la pili, mpaka la kumi na mbili.
Jumamosi ya kwanza nilisema, akasikiliza.
Jumamosi ya pili nilisema, akatazama dirisha.
Ya tatu nikasema na benchi.

Niliudhika. Siwezi kuficha.
Nikamwombea kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu
ili waliokaa nyuma wajue nimetimiza wajibu.

Bibi Foibe, aliyenilea mimi, hakuwa na daftari.
Mwaka nilipomzika mwanangu wa kwanza
alikuja mwezi mzima, kila jioni,
akapepeta uwele wangu uani,
akachambua mchanga, akaaga, akaondoka.
Sikumbuki aya hata moja aliyonisomea.
Nakumbuka ungo.

Basi nikaenda gereji.
Umeme umekatika, malori yamejipanga kando ya lami,
na Nyemo amelala ubavu penye injini,
simu ameing'ata kwa meno, mwanga unatetemeka.
"Lete nishike," nikasema.
Nikammulika usoni.

"Mama, unanipofusha.
Mulika pale mkono ulipo."

Nimehudhuria semina tatu, moja ya siku tano, Dodoma mjini,
tukala wali, tukapewa na vyeti.
Hakuna aliyeniambia hivyo.

Mkono ukahama, nikahama nao.
Bega likaniuma, nikabadili mkono.
Kimya, isipokuwa spana na mbu.
Halafu, bila kunitazama:
"Zile elfu thelathini za kwaya.
Nilizichukua mimi."

Amri ya nane ilikuwa imeshafika kwenye ulimi,
imevaa, imefunga vifungo vyote.
Nikaimeza.
"Bisibisi," akasema. Nikampa.
"Tutaanza kurudisha na ngapi?" nikauliza.
Spana ikasimama. Ikaendelea.
"Elfu mbili. Jumapili."

Daftari lile nimeandikia hesabu za alizeti.

Juzi nilipita pale jioni.
Nyemo kamwinamia Yaredi, mtoto wa jirani,
aliyeshika plagi kwa vidole vyeusi vya oili,
na Nyemo, fundi mzima, aliyepata kipaimara mwezi wa sita,
anamsomesha, anamsomesha,
tochi imemwelekea mtoto machoni.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Mtoto alikuwa ameanza kukunja uso.
Atasema mwenyewe.
Nikaenda zangu kununua chumvi.